Tangazo la EWURA la bei kikomo za mafuta: huduma njema, ila inamwacha mnunuzi nusu ya njia

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kikomo, yaani bei za juu kabisa ambazo kituo hakiruhusiwi kuzizidi, za petroli, dizeli na mafuta ya taa kwa Tanzania Bara, na bei hizo huanza kutumika siku hiyo hiyo kuanzia saa 6:01 usiku. Zanzibar ina mamlaka yake, ZURA, ambayo hutoa tangazo lake. Ninalipima tangazo la EWURA kama huduma, kwa kuwa ni miongoni mwa nyaraka chache za udhibiti ambazo mtu asiye mwanasheria anaweza kuzisoma asubuhi na kuzitumia mchana.

Jedwali lake ni la kuaminika na limepangwa vizuri. Mafuta huingia nchini kupitia bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, kila moja ikiwa na gharama zake za uagizaji, na kadiri wilaya inavyokuwa mbali na ghala ndivyo gharama za usafirishaji zinavyopandisha bei. Kwa hiyo mnunuzi wa Kigoma anapewa bei ya kwake, si ya Dar es Salaam. Asiye na intaneti hupiga *152*00# bila malipo. Tangazo hueleza pia kwa nini bei imepanda au kushuka, iwe ni soko la dunia, thamani ya shilingi au gharama za uagizaji, na maelezo hayo nayathamini sana, kwani chombo cha umma kinachotoa uamuzi unaogusa mifuko ya watu kina wajibu wa kutaja sababu zake.

Sehemu iliyo bora kuliko zote ni aya za mwisho, ambazo wasomaji wengi huziruka. Humo kituo kinaagizwa kuweka bei zake kwenye bango linaloonekana wazi, na kutoa stakabadhi inayoonesha jina la kituo, tarehe, aina ya mafuta na bei kwa lita. Maagizo hayo mawili ndiyo yanayoipa sheria nguvu pale kituoni. Wakaguzi hawawezi kuwapo katika kila kituo kila siku, lakini mnunuzi yupo, na stakabadhi aliyoishika ni ushahidi ambao mwenye kituo hawezi kuukana. Anayeondoka bila stakabadhi ameacha haki yake kwenye pampu.

Neno kikomo nalo linastahili mkazo kuliko linaoupata sasa. Kituo kinaruhusiwa kuuza chini ya bei hiyo, na tangazo lenyewe huwahimiza wanunuzi wachague vituo vyenye bei nafuu, lakini sentensi hiyo imewekwa mbali na jedwali, na matokeo yake ni kwamba wengi huichukua namba iliyochapishwa kuwa bei iliyopangwa na serikali.

Kasoro ninayoiona kuwa kubwa ni katika utekelezaji. Tangazo huonya kwamba kituo kitakachokiuka kitaadhibiwa, na adhabu hutolewa kweli: mwaka 2023, mafuta yalipoadimika, mamlaka ilivifungia baadhi ya vituo kwa kuhodhi mafuta. Hata hivyo, msomaji wa tangazo la mwezi huu haoni humo ni vituo vipi vilipatikana na makosa mwezi uliopita, vilipewa nafasi gani ya kujieleza, wala viliadhibiwa kwa kosa lipi. Taarifa hiyo ingemlinda mnunuzi, na ingemlinda pia mfanyabiashara mwaminifu anayeshindana na mwenzake anayevunja kanuni.

Pia tangazo lingepaswa kueleza njia ya malalamiko kwa ukamilifu. Mlalamikaji huanza kwa mtoa huduma mwenyewe. Asiporidhika hupeleka shauri EWURA, ambako usuluhishi hujaribiwa kabla ya pande zote mbili kusikilizwa na uamuzi kutolewa. Na asiyeridhika na uamuzi huo ana haki ya kukata rufaa katika Baraza la Ushindani. Lipo vilevile baraza la ushauri la watumiaji, EWURA CCC, linalomsaidia mwananchi kuandaa lalamiko lake.

Ninalipa tangazo hili alama nne kati ya tano. Ya tano ingepatikana kwa ukurasa mmoja wa nyongeza kila mwezi, wenye orodha ya adhabu zilizotolewa na hatua za kulalamika hadi rufaa.