PHQ-9 kwa mtu mwenye usonji: tathmini ya dodoso, swali kwa swali

Anayefikishwa kliniki ya afya ya akili hapa Tabora kwa sababu "siku hizi amebadilika" huenda akawekewa mezani, kabla ya dawa yoyote, karatasi ya maswali tisa. Hiyo ndiyo PHQ-9, dodoso la kupima sonona, yaani ugonjwa wa huzuni na kukosa raha unaodumu. Ilitungwa Marekani na Robert Spitzer, Janet Williams na Kurt Kroenke kwa fedha za kampuni ya dawa ya Pfizer, na utafiti wa kuipima ukachapishwa 2001. Ni ya ukurasa mmoja na ni bure. Huombi kibali cha mtu kuitoa kopi, kuitafsiri wala kuigawa, kwa hiyo hata zahanati ya Sikonge au Urambo isiyo na mwanasaikolojia inaweza kuwa nayo.

Tunaitazama hapa kwa mtu wa aina moja: kijana au mtu mzima mwenye usonji, hali ya tangu utotoni inayobadili namna mtu anavyowasiliana na kuhisi mambo (kwa Kiingereza autism). Sonona humwandama sana huyu. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotoka 2019 ulikadiria kuwa watu wazima wenye usonji 37 kati ya 100 huipata wakati fulani maishani, na 42 kati ya 100 hupata ugonjwa wa wasiwasi. Kwa hiyo chombo cha kuigundua mapema kinatakiwa, na hiki kinafaa, ila kwa sharti moja: alama zake zilinganishwe na za mtu huyohuyo alipokuwa katika hali yake ya kawaida. Ukizisoma kavukavu, utampa dawa asiye mgonjwa na utamrudisha nyumbani aliye mgonjwa.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Kila swali linauliza juu ya wiki mbili zilizopita na lina majibu manne: hapana kabisa (0), siku kadhaa (1), zaidi ya nusu ya siku hizo (2), karibu kila siku (3). Jumla ya juu kabisa ni 27. Alama 5 hadi 9 ni sonona hafifu, 10 hadi 14 ya wastani, 15 hadi 19 ya wastani iliyoelekea kuwa kali, 20 na kuendelea ni kali. Utafiti ule wa awali, uliohusisha wagonjwa 6,000, ulionyesha kuwa alama 10 na kuendelea huwanasa watu 88 kati ya kila 100 wenye sonona kubwa. Wale walikuwa wagonjwa wa kliniki za kawaida za Marekani, na maswali hayakutungwa kwa kumfikiria mtu mwenye usonji.

Kikwazo cha kwanza ni majibu yenyewe. "Siku kadhaa" ni ngapi? Mtu anayependa mambo yawe kamili atakwama hapo, au atajibu lolote ili aondoke. Mpeni kalenda ya siku 14 iliyochorwa kwa mkono, visanduku saba juu na saba chini, atie alama siku ambazo jambo lile lilimpata. Kisha muulizaji ndiye ageuze idadi kuwa alama: siku 0 au 1 ni sifuri, siku 2 hadi 6 ni moja, 7 hadi 11 ni mbili, 12 hadi 14 ni tatu. Asiyeweza kuandika ahesabiwe kwa punje 14 za mahindi, azisogeze moja moja. Badiliko hili ni dogo, na ndilo lenye faida kubwa kuliko mengine yote tunayoyapendekeza.

Cha pili ni mazoea yetu ya kusalimiana. Huku kwetu mtu haingii kwenye jambo bila mwangaluka, habari za nyumbani, habari za watoto, na jibu ni nzuri, hata kama nyumbani kuna msiba. Mwenye usonji aliyefunzwa vizuri na mama yake anajua kuwa "habari" hujibiwa "nzuri". Muuguzi akiendelea na dodoso kwa sauti ileile ya salamu, atavuna sifuri tisa. Salimianeni, halafu nyamazeni kidogo, halafu semeni waziwazi: "Salamu zimekwisha. Sasa nina maswali tisa. Hakuna jibu zuri wala baya."

Swali la kwanza, la kukosa hamu au raha ya kufanya mambo, ndilo bora kuliko yote, ila liulizwe kwa kitu mahususi. Wengi wenye usonji wana jambo moja wanalolipenda kupita kiasi. Awe ni kijana anayejua kila treni ipitayo stesheni ya Tabora, ipi inakata kwenda Kigoma na ipi Mwanza, ya saa ngapi na yenye mabehewa mangapi. Ukimuuliza kama anafurahia kukaa na watu, atasema hapana, lakini hakuwahi kufurahia tangu utotoni na hiyo si dalili. Muulize: "Mara ya mwisho kwenda stesheni ni lini? Ulikaa muda gani? Bado unaandika namba za mabehewa?" Kijana aliyeacha daftari lake la treni kwa wiki tatu anahitaji kuangaliwa leo, hata kama jumla yake ni 6. Kinyume chake pia kipo: anayeanza kulishikilia jambo lake usiku na mchana, bila raha, kama mtu anayejificha humo.

Swali la pili linauliza huzuni na kukata tamaa. Karibu nusu ya watu wenye usonji hupata shida kutambua na kutaja hisia zao wenyewe, kwa hiyo "sijui" mara nyingi ni jibu la kweli, si ukaidi. Ulizeni mwili: kifua kinabana? tumbo linavuruga? machozi yanatoka bila sababu? mikono inatetemeka ukifika wakati wa kwenda shule? Wengine huonyesha sonona kwa hasira tu, au kwa kujigonga kichwa.

Usingizi na chakula (maswali ya tatu na ya tano) tuyapite haraka, maana kosa ni lilelile. Kulala kwa shida na kula vyakula vichache ni mambo yanayoambatana na usonji maisha yote. Mtu ambaye miaka yote hula wali mkavu na michembe, hataki mchuzi uguse sahani, asipewe alama 3 kwa hilo. Kinachohesabiwa ni badiliko: zamani alikula sahani nzima, sasa nusu, nguo zimemlegea.

Swali la nne, la uchovu, lina mtego mkubwa. Kuna uchovu unaotokana na kuigiza: mtu anajilazimisha kutazama watu machoni, anazuia mikono isicheze, anavumilia kelele za darasa la wanafunzi wengi au za soko, kisha akifika nyumbani anazimika. Uchovu huo ukidumu miezi, mtu hupoteza hata ujuzi aliokuwa nao, kama kuoga mwenyewe au kuongea sentensi ndefu. Kwenye dodoso uchovu huu hufanana na sonona, na mara nyingine vyote viwili vipo pamoja. Tiba zake hazifanani. Mwenye sonona husaidiwa na ratiba ya shughuli, atoke nje, akutane na watu. Mwenye uchovu wa kuigiza akishurutishwa hivyo huzidi kudidimia. Yeye hupunguziwa kwanza: saa chache za kazi, chumba kimya, ruhusa ya kujitikisa bila kukemewa, wageni wasiletwe ovyo. Namna ya kutofautisha ni kumuuliza kama angepewa wiki nzima peke yake na jambo alipendalo, angefurahi? Anayesema ndiyo kwa haraka huenda amechoka zaidi kuliko alivyo na sonona.

Swali la sita, la kujiona umeshindwa au umeiangusha familia, lisiachwe kwa sababu mzazi yupo chumbani. Hapo mzazi aombwe kutoka kidogo, kwa heshima: "Mama, tutakuita baada ya dakika kumi." Wapo vijana waliokaa miaka wakiambiwa wana mapepo au hawana adabu, na hawatalisema hilo mbele ya aliyewaambia.

La saba, la umakini, lina mfano wa kusoma gazeti au kutazama televisheni. Badilisheni mfano uwe wa kitu anachofanya kweli.

Swali la nane ndilo baya kuliko yote kwa watu hawa. Linauliza kama unatembea au kuongea polepole hata wengine wakagundua, au kinyume chake, huwezi kutulia. Kujitikisa, kupunga mikono na kutembea huku na huko ni njia zao za kujituliza. Havipewi alama isipokuwa vimeongezeka ghafla. Lakini upande wa polepole uangaliwe kwa makini. Kijana, hasa aliyebalehe, anayeanza kuganda mlangoni, anayebaki na kijiko hewani, anayehitaji kuguswa begani ndipo aanze kila tendo, au aliyeacha kuongea na kula, anaweza kuwa na katatonia, yaani ugonjwa wa mwili kuganda. Huyo ni wa daktari, haraka, hospitali ya Kitete hapa Tabora au nyingine kubwa iliyo karibu. Ina dawa yake, na dawa za kutuliza fujo kama haloperidoli zinaweza kuizidisha.

La tisa linauliza mawazo ya kufa au kujidhuru. Liulizwe bila kuzunguka: "Unafikiria kujiua?" Lugha ya mafumbo, kama "umechoka na dunia", mwenye usonji anaweza kuichukua neno kwa neno na kujibu kitu kingine kabisa. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Jibu lolote lililo juu ya sifuri halisubiri jumla ya alama. Ulizeni kama ana mpango, ataufanya kwa kutumia kitu gani na lini. Asiachwe peke yake, na aonwe na mtaalamu siku hiyohiyo. Nyumbani, viuatilifu vya tumbaku na sumu ya panya vitolewe na kufungiwa kwa jirani, pamoja na vidonge vyote. Kwa mtoto au kijana wa chini ya miaka 18, Simu kwa Mtoto namba 116 ni ya bure.

Chini kabisa kuna swali la kumi lisilo na alama: matatizo haya yamekufanyia ugumu gani kazini, nyumbani au kwa watu? Wengi huliruka. Lijazwe, tena kwa sentensi mbili tatu, kwa kuwa hapo ndipo utakuta mambo ya kurekebishwa bila dawa, kama msimamizi mpya anayebadilisha zamu kila siku.

Mazingira ya kulijaza nayo hupandisha alama. Mtu aliyekaa saa tatu kwenye benchi la mapokezi, majina yakiitwa kwa sauti na watoto wakilia, atajibu akiwa amezidiwa. Mpeni karatasi nyumbani siku moja kabla au mtumieni kwa WhatsApp. Ulizeni swali moja, kisha nyamazeni sekunde kumi au zaidi. Kulirudia kwa maneno mengine akiwa bado anafikiri humfanya aanze upya. Msimdai awatazame machoni.

Kabla ya kuamini jumla, akaguliwe mwili: malaria, upungufu wa damu, jino bovu, choo kigumu. Kifafa huambatana na usonji mara nyingi, na baadhi ya dawa zake, fenobabitoni mojawapo, zinaweza kushusha hisia au kuleta ukali. Aliyeanza dawa hiyo mwezi uliopita na leo ana alama 14, dawa ijadiliwe na daktari, isikatishwe ghafla, maana kuikata ghafla huleta degedege.

Umri nao una mpaka wake. Vijana wa miaka 11 hadi 17 wana toleo lao lililorekebishwa. Chini ya hapo, na kwa asiyewasiliana kwa maneno, maandishi wala picha, PHQ-9 haifai. Kwa hao mlezi aandike badiliko la tabia wiki kwa wiki: kulala, kula, kucheka, kujiumiza, ujuzi uliopotea. Kwa wazee ni kazi ngumu zaidi. Usonji ulielezwa na Leo Kanner 1943, na wazee wengi walikua wakiitwa tu watu wa kivyaovyao. Mzee wa namna hiyo akifiwa na mke au dada aliyekuwa akimsemea kwa watu, anaweza asilie msibani kisha akaporomoka miezi sita baadaye. Kuhangaika kwake baada ya msiba kusihesabiwe uzee kabla ya kuulizwa maswali haya tisa kwa utulivu.

Likishatoa jibu, dodoso limemaliza kazi yake. Mwongozo wa Uingereza wa 2012 kwa watu wazima wenye usonji unashauri unasihi uwe wa hatua zilizo wazi, wenye maandishi na picha, mafumbo machache, mapumziko ya mara kwa mara, na jambo alipendalo litumike ndani yake. Dawa ya sonona kama fluoksetini ianze kwa dozi ndogo na wiki za mwanzo mtu aangaliwe kwa karibu, hasa kijana. Amitriptilini, dawa nyingine ya sonona, ikinywewa nyingi kwa pamoja huua kwa kuvuruga moyo, kwa hiyo nyumbani itunzwe na mtu mwingine.

Dodoso la kwanza lijazwe sasa, mtu akiwa hana tatizo, tarehe iandikwe juu, na kopi ifungwe pamoja na kadi yake ya kliniki. Akianza matibabu, lirudiwe kila baada ya wiki mbili hadi nne, muulizaji awe yuleyule ikiwezekana, na chumba kiwe kilekile. Alama zikishuka kwa 5 au zaidi, hiyo ni nafuu ya kweli. Zikibaki palepale baada ya wiki sita hadi nane za dawa anayoinywa ipasavyo, rudini kwa daktari na karatasi zote, ya kwanza ikiwa juu.