Uzoefu wangu na The Resisters: riwaya ya besiboli inayouliza nani anaruhusiwa kurusha mpira

Riwaya hii ya Gish Jen, mwandishi wa Marekani, naipa nyota nne. Ya tano nimeibania, na sababu zangu nitazitaja huko chini. Kwa anayejiuliza kama ni lazima ajue besiboli, jibu ni hapana. Mimi nilianza kusoma nikijua tu kwamba kuna anayerusha, kuna anayepiga na kuna anayekimbia, na nilifika mwisho salama.

Nilinunua nakala ya kielektroniki na kuisomea kwenye simu, maana nakala ya karatasi ikisafirishwa hadi Dar nauli inaizidi bei ya kitabu chenyewe. Ilitoka mwaka 2020, ina kurasa kama mia tatu. Kiingereza chake chepesi, ila mwandishi ametunga msamiati wake mwenyewe kwa dunia aliyoibuni, na kamusi ya simu hapo haifui dafu. Sura za mwanzo ni za kuvumilia. Ukishazoea maneno yake, mambo yanatiririka.

Hadithi iko Marekani ya miaka ijayo, iitwayo AutoAmerica. Bahari imepanda na nusu ya nchi iko majini. Kazi karibu zote zimechukuliwa na mashine. Watu wamegawanywa mafungu mawili. Wako Netted, wenye ngozi nyeupe na ajira, ambao wamejitwalia miinuko yenye ardhi kavu. Halafu wako Surplus, watu wa ziada, wengi wao weusi na machotara, walioachiwa vinamasi. Wasiopata hata kinamasi wanaishi juu ya maji. Anayewaangalia wote ni Aunt Nettie, mtambo ambao nusu ni intaneti na nusu akili mnemba. Unasikiliza kila nyumba, unaongea na wenye nyumba, na mara nyingine unachekesha kwelikweli. Hilo la kuchekesha ndilo lililonitisha zaidi. Dikteta anayefoka tumemzoea vitabuni, lakini huyu anakuuliza kwa upole kama una uhakika na uamuzi wako, na hapo hapo anaandika jibu lako.

Kwa baba aliyekuwa mwalimu na mama ambaye bado ni mwanasheria, wote wa fungu la ziada, anazaliwa binti, Gwen. Wazazi wanagundua kipaji chake akiwa bado kitandani cha watoto, anapotupa vitu vyake vya kuchezea na kulenga pale pale kila mara. Aliyewahi kucheza rede uani anamjua mtoto wa aina hiyo, yule ambaye akishika mpira walio katikati wanaanza kupiga kelele kabla hajaurusha. Gwen anakua, anacheza katika ligi ya siri ya watu wa ziada, na mkono wake unasikika hadi kwa wakubwa. AutoAmerica inarudi kwenye Olimpiki na inataka kuwashinda mahasimu wake, ChinRussia, kwa gharama yoyote. Ghafla binti wa kinamasini anaalikwa chuo kikuu cha Netted. Wakati huo huo mama yake anaishtaki serikali mahakamani. Sisemi zaidi, kwani mashtaka hayo ndiyo yanayobeba kitabu.

Nilisoma kitabu hiki sambamba na wanafalsafa wawili, na sijutii. Wa kwanza ni Iris Marion Young, Mmarekani aliyefariki mwaka 2006. Mwaka 1990 aliandika kwamba ukandamizaji una sura tano: unyonyaji, kutengwa, kunyimwa nguvu, ubeberu wa kitamaduni na ukatili. Katika hizo tano, aliona kutengwa huenda ndiko kwa hatari kuliko zote. Aliyetengwa hanyonywi, kwa sababu hakuna anayeihitaji kazi yake. Jamii imeshaamua kwamba haina shughuli naye. Young akaongeza jambo ambalo wengi wetu tunalirukia: hata ukimlisha, ukampa nyumba na posho, bado hujamtendea haki, kwa sababu umemwondolea nafasi ya kufanya kitu chenye maana pamoja na wenzake na kutambuliwa kwacho.

Kasome sasa maisha ya Surplus. Hawafi njaa. Serikali inawapa posho, na chakula kinaletwa mtaani kwa magari (chakula chenyewe kina walakini ambao msomaji ataugundua mwenyewe). Wajibu wao ni mmoja, kununua na kutumia, na wanahesabiwa pointi kwa jinsi wanavyotumia. Familia ya Gwen inakataa. Wanalima bustani yao na wanafuma sweta kwa mikono. Nilipokuwa naanza nilidhani mambo ya bustani na nyuzi ni mapambo tu ya hadithi. Kumbe ndiyo falsafa yenyewe. Mtu aliyeambiwa kazi yake ni kula anapopanda mboga zake, anabishana na aliyemwambia hivyo. Ligi ya besiboli nayo ni ubishi wa namna hiyo. Watu ambao nchi imesema haiwahitaji wanapanga ratiba, wanachagua waamuzi, wanagombana kuhusu kanuni, wanafunga mabao. Kurasa za ligi hiyo ndizo nilizozipenda kuliko zote. Kuna furaha pale ambayo riwaya nyingi za kupinga udhalimu zinaiogopa, kana kwamba mdhulumiwa akicheka atapunguza uzito wa kesi yake.

Mwanafalsafa wa pili ni John Rawls, Mmarekani aliyeandika sana kuhusu haki, ambaye kwa bahati nzuri alikuwa mpenzi mkubwa wa besiboli. Mwaka 1981 alimwandikia mwenzake barua akieleza kwa nini mchezo huu unapita mingine yote. Alisema vipimo vya uwanja vina mizani ya ajabu, mchezo haupendelei umbo moja la mwili, kila tendo linaonekana wazi na watazamaji, na kwa kuwa hauendeshwi kwa saa, anayeshindwa hanyimwi muda wa kurudi mchezoni. Ukiisoma barua hiyo unasikia nadharia yake ya haki ikipumua humo ndani: kanuni zilizo wazi, zisizompendelea yeyote, zenye nafasi kwa wote.

Tena mwaka 1955, katika makala kuhusu kanuni, Rawls alitumia besiboli kama mfano. Mtu anaweza kurusha mpira au kukimbia popote apendapo, lakini kuiba besi (kukimbilia kituo kinachofuata kabla mpira haujapigwa) au kumtoa mpigaji kunawezekana tu pale ambapo mchezo upo. Kanuni ndiyo inayolifanya tendo kuwa lilivyo. Kitabu cha Gish Jen kinashika wazo hilo na kulisukuma hadi mahali ambapo Rawls hakulifikisha. Gwen akirusha mpira kwenye uwanja wa siri, ni mtoto wa ziada anayejificha. Akiurusha mpira huo huo, kwa mkono huo huo, chuoni, ni tumaini la taifa. Kanuni za besiboli hazikubadilika hata nukta. Juu yake kipo kitabu kingine cha kanuni, kisichochapishwa, kinachosema ni nani mwenye ruhusa ya kusimama pale katikati.

Na kitabu hicho cha pili si cha kubuni. Moses Fleetwood Walker, mtu mweusi, alichezea timu ya Toledo kwenye ligi kuu ya Marekani mwaka 1884. Baada ya hapo mlango ukafungwa kwa zaidi ya miaka sitini, bila kanuni yoyote ya ligi kuu kuandikwa kwamba weusi wasicheze. Wenye timu walielewana tu. Mwaka 1920 Rube Foster akaanzisha Negro National League, ligi ya weusi, huko Kansas City, na katika ligi za weusi wakapita wachezaji ambao wengi leo wanawahesabu miongoni mwa bora wa nyakati zote. Mmoja wao ni Josh Gibson, mdakaji (anayeudaka mpira nyuma ya mpigaji) na mpigaji wa kutisha. Alifariki Januari 1947, akiwa na miaka 35. Miezi mitatu baadaye, tarehe 15 Aprili, Jackie Robinson, mweusi wa kwanza kwenye ligi kuu tangu mlango ufungwe, akaingia uwanjani na timu ya Brooklyn Dodgers. Ilipofika 2024 ligi kuu ilijumuisha takwimu za ligi za weusi kwenye rekodi zake rasmi, na Gibson akapanda kileleni kwa wastani wa kupiga wa .372 (karibu mapigo 37 yaliyofanikiwa katika kila majaribio 100), juu ya Ty Cobb aliyekuwa akiishikilia rekodi hiyo. Alikuwa ameshalala kaburini miaka 77. Rawls anapotuambia kwamba besiboli humpa anayeshindwa muda wa kurudi, mimi nawaza Gibson.

Hapa ndipo riwaya iliponikamata hasa. Tumezoea kuisimulia hadithi ya Robinson kama ushindi wa haki: mlango ulibishwa, ukafunguka. Lakini timu ya Boston Red Sox haikumchezesha mweusi yeyote hadi Pumpsie Green mwaka 1959, miaka 12 baada ya Robinson. Na binti aitwaye Mamie Johnson alipokwenda kujaribiwa na ligi ya besiboli ya wanawake, ile iliyodumu kuanzia 1943 hadi 1954, alikataliwa kwa rangi yake. Akaishia kurusha mpira pamoja na wanaume kwenye timu ya Indianapolis Clowns. Mlango ulimpisha mmoja, tena aliyekuwa bora mara kumi ya waliokuwa ndani, kisha ukarudishiwa.

Gish Jen anaifanya mbinu hiyo kuwa kiini cha hadithi. AutoAmerica haimpi Gwen haki, inamkopa mkono. Inamwonyesha hata njia ya kuvuka kabisa, ikiwemo teknolojia ya kumbadilisha rangi ya ngozi. Anayetaka kuitetea nchi atauliza: ubaguzi uko wapi wakati binti yenu yuko chuoni? Kukubaliwa kwake kunageuka kuwa hoja dhidi ya kesi ya mama yake. Ukitaka kujua kama nchi ina haki, usimtazame Gwen. Mtazame msichana wa ligi ya siri ambaye mpira wake ni wa kawaida tu. Rafiki wa Gwen, Ondi, anamkaribia msichana huyo, na ndiyo maana kwangu yeye ndiye mhusika mwenye uchungu mwingi zaidi kitabuni: ana hamu yote ya kuvuka, bila mkono wa dhahabu wa kumvusha.

Msomaji wa ukanda wetu atakutana na jambo analolijua. Mwaka 2011 watoto wa Kampala walifuzu kwenda Williamsport, Pennsylvania, kwenye mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto. Wakanyimwa viza kwa hoja ya hitilafu katika nyaraka zao za umri. Waliotakiwa kucheza nao, watoto wa Langley, Kanada, wakaja wenyewe Uganda Januari 2012 ili mechi ichezwe. Mwaka huo huo timu ya Lugazi ikafuzu, ikapata viza, ikawa ya kwanza kutoka Afrika kucheza huko, na ikaifunga timu ya jimbo la Oregon, Marekani, 3-2. Sisemi ofisa wa viza alikuwa Aunt Nettie. Nasema tu kwamba mechi ya kwanza inachezewa kwenye dirisha la viza, na waamuzi wake hawaonekani na watazamaji kama Rawls alivyopenda.

Sasa kuhusu nyota niliyoibania. Msimulizi ni baba. Ni mzee wa watu, mwenye mapenzi na utani mzuri, lakini yuko mbali na mahali moto unapowaka. Gwen akiwa chuoni, akipenda, akisitasita, tunayapata mengi kwa njia ya mzee. Kitabu kinachopinga watu kusemewa kingempa binti sauti yake. Halafu kuna utani wa majina ya vifaa na taratibu za serikali unaorudiwa mno. Mara ya kwanza nilicheka, baadaye nikawa naruka mistari. Na Netted karibu wote wamechorwa kwa brashi moja, jambo linalomrahisishia mwandishi kazi.

Falsafa pia inaachiwa msomaji. Hutamkuta mhusika akimtaja Rawls wala Young; viungo hivyo nimeviweka mimi kwa ladha yangu. Ukisoma bila wao utabaki na hadithi ya familia, mahakama na mechi, ambayo inatosha kwa jioni kadhaa.

Kwa nani? Nawapendekezea wanafunzi wa sheria na wa sosholojia, na mzazi yeyote mwenye mtoto ambaye timu fulani tajiri imeanza kumnyemelea. Anayetaka mbio na milipuko asipoteze hela yake, kwani katikati kitabu kinatembea polepole. Kabla ya kununua, tafuta video ya dakika kumi inayoeleza kazi ya mrushaji na mdakaji na namna wanavyopeana ishara. Mechi za mwisho zinategemea ishara hizo, na bila kuzielewa utapitwa na ukurasa ambao mimi niliurudia.