Nimetoa betri ya asidi, nimefunga ya lithiamu: uzoefu wangu na pikipiki ya matope

Niseme mapema: uzito ndio unaouza betri hizi, lakini kitakachokufurahisha ni stata. Na kitakachokuudhi, usipokuwa macho, ni ile namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi. Nitaieleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo inayowaponza wengi.

Pikipiki yenyewe ni ya silinda moja, cc 450, mipigo minne, na haina kiki kabisa. Betri ikilala ni kusukuma, na kusukuma injini ya namna hiyo kwenye tope ni adhabu. Ilikuja na betri ya kawaida ya risasi na asidi, ile iliyozibwa isiyoongezwa maji, volti 12, ampea-saa 6 (ampea-saa ni kipimo cha akiba ya umeme iliyomo). Haikuwa imekufa, ilikuwa imechoka. Ikikaa muda bila kuguswa inataka chaja kwanza ndipo izungumze.

Kwenye mizani, ile ya zamani ilivuka kilo 2. Mpya ni gramu 600 na kitu. Ukiishika mara ya kwanza unadhani umeuziwa boksi tupu. Lakini tupige hesabu kwa utulivu: kilo 1.5 ulizopunguza ni kama lita 2 za petroli. Mtu akiondoka na tenki lenye pungufu ya lita 2 amepata nafuu ileile bila kutumia senti. Kinachoisaidia lithiamu ni mahali betri ilipo. Kwenye pikipiki yangu inakaa juu, chini ya siti, kwa hiyo uzito unaotoka pale una faida kuliko ule ulio chini karibu na injini. Unapoilaza upande huu kisha kuirusha upande wa pili kwenye kona zinazofuatana, unaihisi kidogo. Kidogo, narudia. Anayekuambia pikipiki imekuwa nyingine kabisa anatetea pesa zake. Kwa mshindani hicho kidogo kinatosha, na ndiyo maana KTM na Honda wamekuwa wakifunga lithiamu tangu kiwandani kwenye pikipiki zao za motokrosi.

Sasa stata. Niliweka mita kwenye vichwa vya betri huku nikibonyeza swichi. Ile ya asidi, hata ikiwa imejaa, volti ziliporomoka hadi 9 na kitu, na stata ikazunguka kwa kujivuta, pistoni ikipanda kubana hewa unasikia inasita kama inauliza iendelee au ikate tamaa. Ya lithiamu inashuka hadi 11 hivi na inashikilia hapo. Mlio wenyewe umebadilika, ni mzunguko mmoja wa haraka usio na kusita katikati. Injini ikiwa ya baridi tofauti hii ni ya kupendeza tu. Ikiwa ya moto, umezima katikati ya mlima, mguu mmoja unatafuta pa kukanyaga na breki ya mbele imeshikwa, tofauti hii ndiyo inayoamua kama utaendelea kupanda au utageuza. Injini ya namna hii ikishapata moto huwa ngumu kuwaka, inataka izungushwe kwa kasi, na kasi ndiyo betri hii inayotoa. Kwa hilo peke yake sijutii.

Haya, namba ya kwenye boksi. Yangu ina 7 kubwa, nyeupe, inayoonekana kutoka ng'ambo ya chumba. Chini yake, kwa herufi za kuhitaji miwani, imeandikwa Wh 30. Hizo ni wati-saa, na ndizo zinazosema kweli. Gawanya 30 kwa volti 12.8, ambazo ndizo volti halisi za betri ya namna hii, upate ampea-saa 2.3. Ile 7 ni makadirio ya mtengenezaji kwamba betri hii inafanya kazi "sawa na" ya risasi yenye ampea-saa 7. Kwa kuwasha injini madai hayo yana mantiki: betri ya asidi ikivutwa kwa nguvu na stata haiwezi kutoa yote iliyo nayo, volti zinaanguka kabla akiba haijaisha, wakati ya lithiamu inatoa karibu kila tone huku volti zikiwa juu. Ila kwa kuwasha taa injini ikiwa imezimwa, au kulisha kifaa kinachonyonya moto usiku na mchana, ile 7 haipo. Una 2.3, basi.

Chukua mfano wa kifaa cha kufuatilia pikipiki ikiibwa, kinachokula miliampea 10 muda wote. Ni kidogo sana, lakini kwa saa 24 kinamaliza ampea-saa 0.24. Betri ya 2.3 itakauka ndani ya siku tisa au kumi. Ile ya asidi ya 6 ingefika kama siku 25. Kwa hiyo mwenye kifaa hicho, au saa ya kidijitali isiyozimika, au tundu la kuchajia simu lililofungwa moja kwa moja kwenye betri, afikirie mara mbili, ama aweke swichi ya kukata waya wa hasi. Mimi niliweka swichi. Kinyume chake, pikipiki isiyo na vifaa vya kunyonya inanufaika, kwa sababu lithiamu ikiachwa peke yake hupoteza chaji polepole mno kuliko ya asidi. Sasa naiacha bila wasiwasi, nikirudi inawaka.

Kukauka ni jambo zito kwa betri hizi kuliko wauzaji wanavyokubali. Nyingi zake ni za fosfeti ya chuma na lithiamu, seli nne zilizounganishwa mfululizo. Seli moja ikishuka chini ya volti 2.5, yaani betri nzima karibu 10, ndani yake huanza uharibifu usiorudi nyuma. Baadhi zina bodi ndogo ya ulinzi inayokata kabla ya kufika huko. Ikikata, mita inaweza kusoma sifuri na mtu akadhani betri imekufa kumbe imejifunga tu; chaja ya lithiamu inayofaa huifungua. Nyingine hazina bodi hiyo, na boksi halisemi lolote. Muulize muuzaji kabla ya kulipa, na akibabaika chukulia kwamba haina.

Jambo jingine lililonikera ni zile taa ndogo za kuonyesha chaji juu ya betri, pamoja na kitufe chake. Ni urembo. Volti za lithiamu hazishuki taratibu kadiri chaji inavyopungua; zinakaa palepale karibu safari nzima halafu zinaanguka ghafla mwishoni. Taa zinazosoma volti zitakuambia umejaa wakati umeshatumia nusu. Mita nzuri nayo haisaidii sana hapo katikati, ila ina maana kwenye ncha mbili: ikipumzika imejaa inasoma 13.3 au juu yake, na ukiona chini ya 12.8 ipeleke kwenye chaja bila kungoja.

Ilifika na chaji kidogo, jambo lililonifanya nishuku kwanza, lakini ni la kawaida. Kanuni za anga zinataka betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake kama mzigo zisizidi asilimia 30 ya chaji, na tangu Aprili 2016 haziruhusiwi kabisa kubebwa hivyo kwenye ndege za abiria. Ijaze kabla ya kuifunga. Usiiwahishe kwenye pikipiki ukitegemea injini imalizie, maana lithiamu yenye njaa inakunywa kwa pupa na koili za kuchajia za pikipiki ya matope ni ndogo, zitafanya kazi kwa moto mwingi.

Kufunga si kazi ya fundi. Hasi ndiyo inayotoka kwanza na kurudi mwisho, ili spana ikigusa fremu isipige shoti. Betri mpya ni ndogo kuliko nafasi, ndiyo maana wanakupa vipande vya sponji vyenye gundi. Vitumie vyote, tena nilikata na vingine, kwa sababu ule mpira wa kuifungia ulikuwa unapwaya na pikipiki ya kuruka haitaki betri inayochezacheza. Kilichonipotezea muda ni nati. Ni ya mraba, imelala ndani ya kichwa cha betri bila kushikwa na kitu. Ukiingiza bolti, nati inazama, bolti inazunguka hewani. Dawa yake ni kukata kipande chembamba cha mpira wa petroli na kukichomeka chini ya nati ili kiinyanyue. Bolti inashika mara moja. Kama una waya wa ziada kwenye kichwa hichohicho, bolti iliyokuja na betri inaweza kuwa fupi; tafuta ndefu kidogo badala ya kung'ang'ania nyuzi mbili tatu. Usikaze kwa hasira, vichwa vyenyewe vimeshikwa na plastiki. Kabla ya yote hakikisha chanya iko upande uleule ilipokuwa, vinginevyo waya hautafika, na ukiulazimisha ufike kinyume utaunguza kitu.

Halafu pima mfumo wa kuchaji, na hapa sibembelezi mtu. Washa injini, weka mita kwenye betri, soma ikinguruma taratibu kisha upige resi hadi mizunguko 5,000 hivi. Yangu ilitoa 13.9 halafu 14.3, ambazo ni salama. Lithiamu inataka kati ya 13.8 na 14.6. Ukiona 15 au zaidi, rektifaya, yaani kifaa kinachogeuza na kudhibiti umeme unaochaji betri, imechoka, na ile betri ya asidi ilikuwa ikivumilia kwa kuchemka kimyakimya. Lithiamu haivumilii, itavimba. Pikipiki ya zamani yenye rektifaya isiyoaminika ianze na rektifaya, betri baadaye. Ukiona chini ya 13.5 hata kwa resi, betri haitajaa kamwe na utaitukana bure.

Chaja nayo. Chaja nyingi za betri za asidi zina hatua ya kufufua betri iliyoganda salfeti, yaani chumvi inayojengeka ndani ikikaa bila chaji, ambayo hupiga mapigo ya volti za juu. Kwa asidi ni tiba, kwa lithiamu ni sumu. Kama chaja yako inaanza hatua hiyo yenyewe bila kukuuliza, usiitumie. Ingiza kwenye bajeti chaja yenye alama ya lithiamu, inayokoma kwenye 14.4 hadi 14.6. Betri tayari ni ghali mara kadhaa kuliko ya asidi, chaja inaongeza chumvi kwenye kidonda, lakini ndivyo ilivyo.

Baridi ndiyo udhaifu ambao watu hukutana nao bila kuonywa. Asubuhi ya baridi kali nilibonyeza stata na ikazunguka kwa uvivu kuliko hata ile ya asidi. Haijafa. Ndani ya seli mambo yanaenda polepole kwenye baridi, na dawa ni kuivuta kidogo ili ijipashe moto. Mwenye taa aiwashe dakika moja au mbili kabla ya kuwasha injini. Asiye na taa abonyeze stata sekunde mbili tatu, aachie nusu dakika, arudie. Mbonyezo wa pili unakuwa na nguvu kuliko wa kwanza, wa tatu zaidi, kinyume kabisa na tulivyozoea kwenye asidi, ambako kila jaribio linakula la mbele. Jambo la kuchunga ni kutoichaji ikiwa chini ya nyuzi 0, hilo huharibu seli kabisa. Iingize ndani ipate joto kwanza.

Kuhusu moto na milipuko, fosfeti ya chuma ni tulivu kuliko kemia ya kobalti iliyotumika sana kwenye simu; haikimbilii kuwaka kirahisi. Hiyo haina maana ya kuichaji ukiwa umelala. Ikivimba, ikitobolewa au ikinuka, iondoke kwenye matumizi na ipelekwe wanakopokea taka za betri. Usiitupe jalalani.

Kwa nani basi? Mwenye pikipiki ya stata tupu, isiyo na vifaa vingi vya umeme, anayezima na kuwasha mara kwa mara kwenye njia ngumu, ninamshauri afunge. Mwenye kiki inayofanya kazi na betri ya asidi yenye afya asubiri ile ichoke kwanza. Mwenye kusafiri na taa za ziada, ramani na kifaa cha ulinzi abaki na asidi, au achukue lithiamu kubwa kuliko anayoshauriwa. Na hilo la ukubwa ndilo nitakalobadilisha hata mimi. Kati ya Wh 30 na Wh 48 tofauti ya uzito ni gramu mia mbili na ushee tu, na boksi la kubwa bado linaingia palepale ilipokaa ya asidi. Ijayo itakuwa ya 48.