Cherehani ya miguu ya mtumba: mwaka mmoja kwenye baraza la Majengo

Niliinunua Novemba 2023 kwa shilingi 190,000, kichwa, meza na mkanda wake, kwa mzee mmoja fundi wa Chikongola aliyekuwa anaacha kazi kwa sababu ya macho. Ni ile nyeusi ya kawaida, kichwa cha chuma, maua ya rangi ya dhahabu yamefutika ubavuni pale mkono unapopita kila siku. Nilikuwa na miaka 22, nimeshuka kutoka Newala na begi moja, nimefikia kwa mama mdogo Majengo, Mtwara mjini. Laki moja na ishirini alinipa baba, hela ya korosho. Sabini nilidunduliza mwenyewe kwa kupinda mapazia na kubana suruali za mitumba kwenye banda la fundi aliyenifundisha.

Naandika kwa sababu wadogo zangu wananiuliza sana: ninunue ya miguu au nisubiri mpaka nipate hela ya umeme? Nunua ya miguu. Ila ujue unachokinunua.

Wiki tatu za mwanzo iliniliza. Ukianza kukanyaga vibaya, gurudumu linazunguka kinyume, uzi unakatika na mwingine unajisokota chini ya kitambaa kama kiota cha ndege. Hakuna wa kukusaidia hapo ila miguu yako. Nilikaa jioni nakanyaga bila uzi wala nguo, nasukuma gurudumu kwa mkono kwanza, kisha nafuata kwa nyayo, mpaka mama mdogo akaniambia, "Mwanangu, sasa inasikika kama cherehani." Siku hiyo nilifurahi kuliko siku niliyopata matokeo ya kidato cha nne.

Hapa kwetu pwani adui wake mkubwa ni hewa ya chumvi. Sindano ukiiacha usiku kucha bila kuifuta, asubuhi ina vidoa vya kutu, na kutu hiyo inavuta nyuzi za kitenge. Mimi kila asubuhi natia matone mawili matatu ya oili kwenye matundu yake, halafu nashona kwanza kwenye kitambaa chakavu mpaka kitoke kisafi ndipo naigusa nguo ya mtu. Sindano namba 14 inatosha kwa vitenge na sare za shule, 16 kwa jinzi, 11 kwa vitambaa vyepesi. Mkanda wa ngozi unalegea wakati wa masika. Unakata kipande kidogo, unatoboa, unafunga tena kile kipini chake. Kazi ya dakika kumi. Umeme ukikatika mtaa mzima, mimi nasogeza kiti mlangoni kwenye mwanga na naendelea.

Januari ilinilipa vizuri kwa sare za shule. Aprili ikaanza kuruka mshono. Kile kichuma kinachobeba bobini, kigurudumu kidogo cha uzi wa chini, kilikuwa kimelika, na Mtwara sikupata kinachoingia. Nikaagiza Kariakoo. Mwanzoni mwa Mei kikapita kimbunga Hidaya, mvua ikaikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi pale Somanga, na kifurushi changu kikabaki Dar. Kilinifikia wiki ya mwisho ya Mei.

Hapo sasa ndipo penye kosa, na si la cherehani. Mwezi mzima huo ilipokuwa inaumwa, mimi niliendelea kupokea vitambaa. Kila aliyekuja nilimwambia, "Njoo Alhamisi." Nilikuwa naona aibu kusema sina uwezo, nikihofia mteja akienda kwa fundi mwingine harudi. Kichuma kilipofika nilikuwa na viporo vya nguo kumi na moja.

Moja ilikuwa ya mwali. Mama mmoja wa Magomeni ya hapa hapa Mtwara alileta kitenge cha bluu chenye maua meupe, binti yake anatoka unyagoni mwezi Juni, Jumamosi. Alikuja Alhamisi, nikamwambia kesho. Akaja Ijumaa jioni, nguo imekatwa, mikono haijaungwa, zipu haipo. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa kwenye ngazi. Hakupiga kelele. Alishika kile kitambaa, akakipapasa pale nilipokwisha kushona, akasema, "Mwanangu, bora ungeniambia tangu juzi. Ningejua la kufanya." Usiku nilikanyaga mpaka saa nane, uzi ukakatika mara sijui ngapi kwa sababu ya haraka, na asubuhi nilipompelekea, ngoma ilikuwa imeshaanza. Binti alikuwa amefungwa khanga mpya za mama yake, kichwa kimepakwa mafuta, anang'aa. Gauni langu lilivaliwa Jumatatu yake. Hela niliirudisha yote, na nilipopiga magoti kuomba radhi yule mama aliniinua.

Tangu Jumatatu hiyo nina kaunta buku. Kila nguo ina jina la mwenye nayo, vipimo na tarehe, na siku tano za wiki naandika nguo mbili mbili tu, kwa sababu nimepima: magauni mawili kwa siku ndiyo mwendo wa miguu yangu na cherehani hii. Ukurasa ukijaa nasema, "Mama, wiki hii nimejaa, nenda kwa fundi wa pale kona, ni mzuri." Mara ya kwanza kuyatamka maneno hayo mdomo ulikauka. Wengine walikwenda kweli. Wengi wamerudi, na yule mama wa Magomeni aliniletea sare za watoto watatu.

Naandika haya ni Novemba tena, 2024. Mnada wa kwanza mwezi uliopita korosho ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, baba alinipigia simu sauti imejaa, na vitenge vimeanza kumiminika. Kitabu kimejaa mpaka Desemba 20.

Ukienda kununua ya mtumba, igeuze kichwa uangalie chini. Vuta bobini, pitisha kidole kwenye kile kichuma: kikiwa na makali au mfereji, punguza bei kwa elfu ishirini au ondoka. Kanyaga bila uzi usikilize. Iwe mlio mmoja, usio na kugonga. Omba kushona mshono mrefu kwenye khanga kuukuu, kisha uuvute kwa nguvu.

Yangu siuzi hata nikipata ya umeme. Mdogo wangu wa kike anamaliza mitihani ya kidato cha nne mwezi huu, na nimeshamwambia mama mdogo tutahitaji kiti cha pili hapa barazani.