Miaka mitatu na Opinel namba 8: kisu cha mfukoni cha bwana shamba

Kazi yangu ni ya ugani wilayani Muheza, na kwa miaka 11 sasa sijatoka nyumbani asubuhi bila kisu cha kukunja mfukoni. Kwa kisu hicho hukata kamba za mkonge, hufungua mifuko ya mbegu, huchonga vijiti vya kuwekea alama kwenye vitalu, humenya machungwa niliyokirimiwa na wenye mashamba, na zaidi ya yote hupasua mihogo. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia una hila yake, kwani shina na majani huweza kuonekana hayana neno, ilhali ukiukata muhogo wenyewe unakuta nyama yake imekauka na kuoza kwa madoa ya kahawia. (Ugonjwa huo ulielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza miaka ya 1930, kutokana na kazi ya kituo cha utafiti cha Amani, ambacho kiko milimani katika wilaya yetu hii hii.) Siku ya ukaguzi naweza kupasua mihogo 60 kabla ya adhuhuri, na kisu kisichopata hunichosha mkono hata kabla jua halijapanda.

Katika miaka hiyo nimetumia visu vinne, na nitaanza na kile kilichoniumiza. Nilikinunua sokoni kwa shilingi 8,000, cheusi, kizito, kina meno upande mmoja wa bapa na kibanio cha kukitundikia mfukoni, na chapa yake sikuitia maanani wakati huo wala siikumbuki sasa. Kufuli lake lilikuwa la aina inayoonekana sana siku hizi, yaani bamba jembamba lililomo ndani ya mpini, ambalo ukikifungua kisu hujisogeza nyuma ya shina la bapa ili lisirudi. Kufuli la namna hiyo likitengenezwa vizuri ni la kutegemewa, lakini la kwangu lilikuwa limegusa ukingoni tu, kiasi cha upana wa uzi, na siku nilipokuwa nikipasua muhogo mgumu uliokwisha kukomaa mno, bapa likakwama, nikalipinda kidogo ili kulitoa, bamba likateleza na bapa likanirudia vidoleni. Nilishonwa nyuzi tano. Tangu siku hiyo, kabla sijatazama urembo wa kisu chochote, hukifungua, hukifunga kwa kufuli lake, kisha hugonga mgongo wa bapa polepole kwenye ubao au kwenye soli ya kiatu huku vidole vyangu vikiwa mbali na njia ya makali. Kikijikunja, nakirudisha kwa mwenye duka bila kuuliza bei.

Opinel nililetewa na dada yangu anayeishi Leeds, Uingereza, aliyekinunua Ufaransa alipokwenda kutembea, kwa bei isiyofika euro 20. Ni kisu cha sura ya kizamani kabisa: mpini wa biki, mti wa misitu ya Ulaya, uliochongwa mviringo, bapa moja, na pete ya chuma shingoni. Kilianza kutengenezwa na Joseph Opinel huko Savoie, Ufaransa, mwaka 1890, kikapewa namba kulingana na ukubwa, na hiyo pete, wanayoiita Virobloc, iliongezwa mwaka 1955. Namba 8 ina bapa la sentimita 8.5 na uzito wake haufiki gramu 50, kwa hiyo mfukoni hukisikii. Ukilifungua bapa unaizungusha pete, nayo inaziba ule mfereji ambao bapa lingepitia kurudi. Hakuna springi ya kuchoka wala bamba la kuteleza, na jicho lako mwenyewe linaona kama pete imezunguka au haijazunguka. Kwa mtu aliyewahi kushonwa, hilo la kuona kwa jicho ni jambo kubwa. Kina upungufu kwa wanaopenda haraka, maana hakifunguki kwa mkono mmoja, lakini mimi sijapata kupasua muhogo kwa mkono mmoja.

Hapa nilifanya kosa langu mwenyewe. Kisu hicho hutolewa kwa vyuma viwili, kimoja cha kaboni na kingine kisichoshika kutu, na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimesikia kwamba chuma cha kaboni hunoleka upesi na kupata sana, nikamwambia dada aniletee hicho. Sifa hizo ni za kweli. Lakini mimi huishi kwenye joto la pwani, jasho hupenya mfukoni, na kila siku bapa langu hukutana na maji ya chungwa. Asidi ya chungwa hushambulia chuma cha kaboni papo hapo: baada ya chungwa la kwanza bapa lilikuwa na mawimbi ya rangi ya kijivu na buluu, baada ya wiki lilikuwa jeusi, na vipande vya chungwa vilikuwa na ladha ya msumari. Weusi huo si kutu na wala hauna ubaya, bali husaidia kidogo kukinga chuma; ila kutu jekundu lilifuata katika masika, pale kwenye ekseli, yaani pini ambayo bapa huizunguka, ambako kitambaa hakifiki. Ninajua wapishi na mafundi seremala ambao hawatataka chuma kingine zaidi ya hicho, nao wana haki, kwa kuwa hukifuta na kukipaka mafuta. Mimi hukirudisha mfukoni kikiwa na maji ya muhogo.

Mwaka uliofuata dada aliniletea kile cha pili, namba ile ile, chenye chuma kisichoshika kutu, na ndicho ninachokizungumzia kwa miaka hii mitatu. Chuma chake ni cha Kiswidi, cha jamii ya 12C27, chenye kromiamu ya zaidi ya asilimia 13, na kromiamu hiyo ndiyo inayofanya utando usioonekana juu ya bapa na kuzuia kutu. Neno lenyewe “kisichoshika kutu” lisichukuliwe kama kiapo. Mimi hulazimika kutakasa bapa kwa maji yenye jiki ninapotoka mti mmoja kwenda mwingine kitaluni, kwa sababu vimelea vya baadhi ya magonjwa ya michungwa huhama kwa makali ya kisu, na jiki ikiachwa ikaukie juu ya bapa huacha vitobo vidogo hata katika chuma kizuri. Nikisuuza kwa maji safi na kufuta, basi. Kwa miaka mitatu ya namna hiyo bapa lina mikwaruzo mingi, lakini kutu sijaiona.

Jambo ambalo halisemwi sana na wauzaji ni unene wa bapa. Visu vingi vinavyouzwa kwa sifa ya ugumu vina bapa la milimita 3 au zaidi, na mnunuzi huona unene ule akadhani ni ubora. Bapa nene huingia kwenye muhogo kama kabari: sehemu ya kwanza hukata, iliyobaki hupasua kwa nguvu, na muhogo ukipasuka wenyewe huwezi kuona vizuri mahali doa lilipoanzia. Bapa la Opinel haliifikii milimita 2, nalo hupita hadi chini na kuacha uso laini unaosomeka. Mzee mmoja wa kijiji ninachokitembelea kila mwezi, baada ya kunisalimia na kukitazama kile kimti cha mpini, aliniuliza, “Bwana shamba, hicho kinapata, au ni cha watalii?” Nilimpa akate mwenyewe. Alikata muhogo mmoja, akakata wa pili bila haja yoyote, kisha akakikunja na kukitia katika mfuko wake wa shati, akicheka. Wembamba huo una gharama: bapa hili si la kukwangulia, si la kufungulia makopo, na ncha yake itavunjika ukiifanya bisibisi.

Kwa kazi za kukwangua na kufungua nina Victorinox ya aina ya Spartan, ambayo hukaa kwenye mkoba. Kiwanda chake kilitokana na karakana ya Karl Elsener, iliyofunguliwa mwaka 1884 huko Ibach, Uswisi, na kisu cha ofisa, ambacho Spartan imetokana nacho, kilisajiliwa mwaka 1897. Kina mabapa mawili, vifungulio vya kopo na chupa, bisibisi, msumari wa kutobolea, hata kibano cha kutolea miiba, ambacho kwa mtu wa michungwa si mapambo. Chuma chake nacho hakinipi shida ya kutu. Hata hivyo, bapa lake kubwa halina kufuli, linashikwa na springi tu, na mpini wake mfupi, wa sentimita 9, haunijazi kiganja ninapokata vitu vigumu. Kwa karani, mwalimu au fundi wa redio ningekipendekeza hicho kwanza. Kwa mimi kinabaki kuwa msaidizi.

Mpini wa mti wa Opinel unahitaji kuzoewa. Mti hunywa maji, hufura, na katika masika bapa huwa gumu kufunguka, kama mlango wa mbao unavyokwama kwenye fremu yake. Dawa ni ile wanayoijua wenyeji wa Savoie: unaifungua pete, unagonga kitako cha mpini juu ya meza, na bapa linachungulia kiasi cha kushikika. Mimi niliongeza mafuta ya nazi kwenye ekseli na kuuacha mpini siku mbili kivulini, si juani, kwa sababu jua kali huukausha mti upesi ukapata ufa. Asiyetaka usumbufu wowote wa namna hii na atafute kisu chenye mpini wa plastiki au alumini.

Kunoa hakunichukui muda. Kila Jumapili nakipitisha kwenye kinoo cha maji cha gredi 1000, bapa likiinuliwa kwa pembe ya nyuzi 20 hivi, mara kumi kila upande, kisha namalizia kwenye mkanda wa ngozi. Nikiwa safarini hutumia ule ukingo usio na rangi chini ya kikombe cha kauri, kama mama alivyokuwa akifanya jikoni. Sipendi mashine za kunolea za mtaani kwa kisu chembamba namna hii, maana moto wa jiwe linalozunguka hubadilisha rangi ya makali, na chuma kilichobadilika rangi kwa joto kimekwisha kupoteza ugumu wake.

Kuhusu safari, kile cha kaboni nilikiacha kwenye meza ya ukaguzi wa uwanja wa ndege kwa kusahau kwangu. Kisu husafiri katika mzigo unaokabidhiwa, si katika mkoba wa mkononi. Na walio Uingereza wajue kwamba kule kisu kinachoruhusiwa kubebwa bila sababu maalumu ni cha kukunja kisicho na kufuli, chenye makali yasiyozidi inchi 3. Kufuli hilo hilo ninalolisifu mimi ndilo linalokiondoa Opinel namba 8 katika ruhusa hiyo, na ndiyo maana dada yangu huko Leeds anatembea na Spartan.

Kazi moja sijaweza kukipa kisu cha Opinel ni kubebesha, yaani kuunganisha miche. Ili kuchomeka kikonyo kwenye mche wa mlimau unahitaji bapa lililonolewa upande mmoja, lisilogusa jiki kali wala mchanga, na kwa hilo nina kisu maalumu kinachokaa ndani ya kitambaa na hakitoki nje ya kitalu. Namba 8 hubaki na mihogo, kamba na machungwa. Dada anakuja tena mwezi Desemba, nami nimemwagiza alete kingine, kisichoshika kutu, cha yule mzee. Mwezi uliopita alikirudisha changu kikiwa kimenolewa vizuri kuliko nilivyompa, akaniuliza kwa upole kama bado nakihitaji.