Night of the Living Dead (1968) kwenye diski ya Criterion: uzoefu wangu, na deki utakayohitaji

Wengi wanaoidharau filamu hii ya kutisha ya George Romero, ya wafu wanaofufuka na kula watu, kwa kuwa "ya kale, haionekani vizuri" hawajaiona kamwe. Wameona nakala ya nakala. Tatizo lake halikuanzia kwenye kamera, lilianzia kwenye hakimiliki. Filamu iliitwa kwanza Night of the Flesh Eaters. Msambazaji, Walter Reade Organization, alibadilisha jina, na kipande chenye jina kilipobadilishwa, tangazo la hakimiliki likaachwa nje. Sheria ya Marekani ya wakati ule ilitaka tangazo hilo lionekane kwenye kazi iliyotolewa kwa umma. Lisipokuwepo, kazi inakuwa mali ya kila mtu. Basi yeyote aliyepata mkanda, hata uliokwaruzika vipi, aliruhusiwa kuunakili na kuuza. Ndiyo maana DVD za bei chee na faili zinazozunguka kwenye flash zimejaa kijivu kilichofifia, nyuso zimekuwa unga mtupu, na usiku umekuwa tope.

Ninachokizungumzia hapa ni toleo la Criterion, kampuni ya Marekani inayotoa filamu kwenye diski: Blu-ray ya diski mbili iliyotoka Februari 2018, na toleo la 4K la 2022. Yote mawili yametokana na ukarabati uliofanywa na jumba la makumbusho la MoMA la New York pamoja na The Film Foundation, taasisi ya kuhifadhi filamu. Walirudi kwenye negativu halisi ya milimita 35 iliyopita ndani ya kamera, wakaiskani kwa 4K. George Romero mwenyewe, mwongozaji wake, alisimamia kazi hiyo kabla hajafariki Julai 2017. Tofauti yake na nakala za mitaani ni kama kusoma barua yenyewe baada ya miaka mingi ya kusoma fotokopi.

Anza na makaburi ya Evans City, Pennsylvania, dakika za kwanza kabisa. Kwenye nakala mbovu anga ni karatasi nyeupe na miti ni doa jeusi. Hapa mawingu yapo, maandishi kwenye mawe ya makaburi yapo, na yule mtu anayekuja akiyumba kwa mbali unamwona mapema kuliko Barbra, msichana aliyekuja kaburini na kaka yake, jambo linaloongeza hofu. Kisha nenda pale Barbra anapoingia sebuleni na kukuta vichwa vya wanyama vimetundikwa ukutani. Hicho ndicho kipimo changu cha nakala yoyote ya filamu hii. Kama huwezi kutofautisha manyoya ya mnyama na kivuli kilicho nyuma yake, hiyo nakala iweke pembeni. Ben anapopigilia mbao madirishani utaona mishipa ya ubao na vichwa vya misumari, na taa moja kali ikitokea upande ikikata uso wa Duane Jones, anayemcheza Ben, nusu kwa nusu. Mwanga huo ulipangwa. Romero na wenzake walikuwa na kampuni ya matangazo ya biashara Pittsburgh na walijua kuweka taa. Nakala mbovu ndizo zilizowafanya waonekane wanagenzi.

Bajeti nzima ilikuwa kama dola 114,000, na kianzio chake kilikuwa michango ya watu kumi, dola 600 kila mmoja. Fedha hiyo ndogo unaiona kwenye diski, na ni vizuri kuiona. Damu ni sharubati ya chokoleti. Katika nyeusi na nyeupe inateleza na kung'aa vya kutosha kukuchefua. Nyama inayoliwa ni nyama kweli, na utumbo ni utumbo kweli, vyote kutoka buchani. Kwa ukali huu wa picha tukio la kula linatisha kuliko kwenye DVD, kwa hiyo usiwaweke watoto mbele ya TV kwa kudhani filamu ya 1968 ni ya upole.

Neno moja kwa wasomaji wa kwetu. Hakuna anayetamka "zombi" humu ndani. Wanaitwa mazimwi na maiti. Zombi wa asili, yule wa Haiti, yuko karibu zaidi na msukule wetu: mtu aliyechukuliwa, ana bwana anayemtumikisha. Wafu wa Romero hawana bwana wala mganga wa kuwafungua, na tangu hapo sinema za mazombi zimefuata njia hiyo.

Sauti ni mono, yaani ya njia moja tu, haijabanwa. Usiilazimishe kuwa ya spika tano. Kwenye menyu ya redio yako chagua stereo ya kawaida au "direct", maana mifumo ya kuigiza sauti ya ukumbini huyasukuma maneno nyuma na kuutanua muziki, na matangazo ya redio na TV ndani ya filamu, ambayo ndiyo yanayobeba habari zote, yanakuwa mwangwi. Ikichezwa sawasawa utawasikia nyenje usiku kucha nje ya nyumba, na kimya kinapoingia utajua. Maandishi ya chini yapo kwa Kiingereza tu.

Sasa TV yenyewe, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoharibu diski nzuri. Picha ina umbo la 1.37 kwa 1, karibu mraba. Kwenye TV ya leo itachukua takriban asilimia 77 ya upana, na lazima ubaki na nguzo mbili nyeusi kushoto na kulia. Ukibonyeza "zoom" kwenye rimoti ili ijae, unakata vichwa vya watu juu na mikono ya wafu chini. Ukiivuta kwa upana, kila mtu ananenepa. Zima kulainisha mwendo. Zima kupunguza chenga, kwa sababu chenga ndogo unazoziona zikitembea ni chembe za filamu yenyewe, na TV ikizifuta inafuta na ngozi. Ukali wa picha, yaani "sharpness", ushushe hadi sifuri au karibu nayo. Ukiuacha juu, kila ubao utapata mstari mweupe pembeni. Mwisho, zima taa ya chumba. Weusi wa filamu hii hauvumilii balbu inayoakisi kwenye kioo.

Jambo litakalokugharimu usipoliangalia ni kanda, yaani eneo la dunia ambalo diski na deki vimefungiwa. Blu-ray za Marekani za toleo hili ni za kanda A. Afrika Mashariki, pamoja na Ulaya na nchi za Ghuba, iko kanda B. Deki ya Blu-ray iliyonunuliwa Dar, Nairobi au Dubai kwa kawaida itaikataa diski hiyo: utaona ujumbe wa kanda, basi, na hakuna mpangilio wa kuubadilisha. PS4 na PS5 nazo hufuata zilikotengenezewa soko: ya Marekani au Japani husoma A, ya Uingereza au Ghuba husoma B. Kuna njia tatu. Nunua toleo la Uingereza la Criterion, ambalo ni la kanda B. Au tafuta deki iliyofunguliwa kanda zote, na umtake muuzaji aicheze Blu-ray ya kanda A mbele yako. Wengi husema "inasoma zote" wakimaanisha DVD. Au chukua 4K, kwa kuwa diski za 4K hazina kanda. Lakini angalia: ndani ya kasha la 4K la Marekani, diski mbili zenye nyongeza ni Blu-ray za kanda A, kwa hiyo filamu utaiona na nyongeza zitakugomea. Kumbuka pia kwamba PS4, hata ile ya Pro, haisomi diski ya 4K, na PS5 isiyo na tundu la diski haitakusaidia chochote.

Nyongeza zenyewe ni nyingi na si za kujaza nafasi. Iko nakala ya kazi iitwayo Night of Anubis, ambayo ni filamu kabla haijakamilika, na mafungu ya picha ghafi za milimita 16. Maelezo mawili ya sauti ya 1994, ambamo watengenezaji wanazungumza huku filamu ikicheza, yamewakusanya Romero, John Russo aliyeandika naye, waigizaji Karl Hardman na Judith O'Dea, na wenzao, na yamejaa mambo ya kazi: taa, gari, nani alilipa nini. Kilicho bora kwangu ni mahojiano ya Duane Jones ya 1987, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Anaongea taratibu, kwa akili, na baada ya kumsikia utamtazama Ben kwa jicho jingine.

Bei iliyoandikwa ni dola 39.95 kwa Blu-ray na 49.95 kwa 4K, bila usafiri na ushuru. Kwa TV ya inchi 43 au 50 Blu-ray inatosha kabisa. 4K ina maana kuanzia inchi 65 au projekta. Ukikuta nakala yenye rangi, iache. Ukikuta ya 1999 iliyoitwa ya miaka 30, iache pia: imeongezewa matukio mapya na muziki mwingine, na ukiona mchungaji ambaye hukumtarajia ujue umeuziwa hiyo.

Na usizime majina yanapoanza kupita. Picha za mnato za mwisho, za wanaume wenye kulabu za nyama wakiuburuta mwili kwenda kwenye moto, kwenye nakala mbovu zilikuwa madoa tu. Hapa unaziona nyuso zao.