Viinitete Vilivyohifadhiwa au Yai la Kuku: Kipi Kimfae Mchunguzi wa Kasoro za Kuzaliwa?

Wanafunzi wa udaktari hapa Mombasa wanapojadili chanzo cha mgongo wazi, huzuka swali lile lile: tujifunze kwa viinitete vya binadamu (watoto wa tumboni wa wiki za mwanzo) vilivyohifadhiwa, au kwa yai la kuku?

Kwa gharama, kuku hana mshindani. Yai la kuku wa kienyeji anayefugwa pamoja na jogoo huweza kupatikana kwa mfugaji wa Kisauni. Likikaa siku tatu katika mashine ya kuangulia, kisha ukakata kidirisha kwenye ganda, utauona moyo ukidunda.

Kwenye uthabiti wa ushahidi mizani hugeuka. Mkusanyo wa viinitete wa Kyoto, Japani, ulioanzishwa 1961, una vielelezo zaidi ya 44,000, na ule wa Carnegie wa Marekani ndio uliozaa hatua 23 za ukuaji wa wiki nane za mwanzo. Mrija wa neva wa binadamu, unaokuwa ubongo na uti wa mgongo, hufunga mnamo siku ya 28, wakati mama wengi hawajajua wana mimba, na thalidomaidi, dawa waliyopewa wajawazito zamani, ilitufunza kwamba panya huweza kustahimili dawa inayomlemaza mtoto tumboni. Hata hivyo, kielelezo kilichokufa hakijaribiwi dawa.

Utunzaji una uzito wake, na si wa fomalini (dawa ya kuhifadhia vielelezo) pekee: vielelezo vingi vya zamani vilikusanywa bila akina mama kuombwa idhini inavyotakiwa leo, jambo ambalo kila mtafiti anapaswa kulikumbuka kwa heshima.

Mwalimu mwenye hadubini moja na aanze na yai. Anayethibitisha kasoro ya binadamu atazame picha za Carnegie zilizoko kwenye intaneti.